Yule Mdogo Hana Nguvu

Yadi ya magari ilifurika watu asubuhi ile, nusu wanunuzi, nusu wapiga domo. Muuza miche, gauni la njano na raba zenye udongo, alikuwa ameinamia pikapu ndogo nyeupe akijifanya anaielewa.

"Umependa rangi?" aliuliza fundi mrefu, ovaroli ya buluu imemkaa kama suti.

"Nimependa bei."

"Hapo ndipo wanapokukamata, dada. Hii ya petroli mjini haili sana. Ipandishe mlima na magunia ya mbolea uone itakavyokunywa. Ile ya dizeli ina kelele, na bei imechangamka, ila lita moja inakufikisha mbali."

"Na wewe unalipwa na nani kunipa siri hizi?" aliuliza muuza miche akicheka.

"Na hicho kicheko. Ila mdogo hivi, breki utazifikia?"

Alinunua ya dizeli. Kila adhuhuri fundi alipiga simu.

"Mdogo wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Maneno yako. Nimevimbiwa."

Mwezi wa nne wa simu hizo, muuza miche alimpelekea chakula yadini bila kumwambia. Nyuma ya lango akasikia sauti aliyoizoea, ikiongea na kaka yake kwenye simu.

"Kaka, yule mdogo amenichosha. Mzuri wa kutazama tu, hana nguvu. Huyu mpya ndiye wa maisha. Ametulia, hali sana. Yule naachana naye mwisho wa mwezi."

Muuza miche alikuwa mtu wa kuuomba radhi hata mlango aliojigonga nao. Kuingia na kuuliza hakuweza. Aliweka chakula juu ya tairi, akaondoka, na jioni akabadilisha laini ya simu.

Mwaka ukapita. Siku moja, akiwa ndani ya gari lake kwenye kituo cha mafuta, pikapu ya kijivu ikasimama kando yake. Aliyeshuka alikuwa fundi, shati limepigwa pasi.

"Nilipiga mpaka nikamkariri yule mama wa 'namba haipatikani'. Nilikuja kitaluni, nikaambiwa umehama. Nilikukosea nini?"

"Nilikusikia," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Yule mdogo hana nguvu. Huyu mpya ndiye wa maisha."

 Fundi akaweka kiganja juu ya boneti ya pikapu ya kijivu.

"Huyu mpya ni huyu hapa. Injini ya dizeli. Yule mdogo alikuwa pikapu yangu ya petroli."

"Ulisema 'yule'. Ulisema 'naye'."

"Mafundi wote tunasema hivyo. Gari kwetu ni mtu. 'Hii' na 'ile' ni za wateja." Sauti ikashuka. "Ungeniuliza tu, mpenzi wangu."

"Niliona aibu."

Neno lile, mpenzi, lilibaki hewani pamoja na harufu ya mafuta. Muuza miche alitaka kulishika. Alifungua mdomo, na safari hii kweli angeuliza, lakini simu ya fundi ikaita. Fundi aliitazama, hakuipokea.

"Ni mchumba wangu. Tunafunga ndoa mwezi ujao."

"Pokea. Usimweke akingoja."

Akapokea. "Nakuja, mama. Nipo kituoni, nimekutana na mtu." Akafunika simu kwa kiganja. "Anakusalimu. Anauliza ni nani."

Muuza miche alifunga mkanda wa kiti, taratibu, mpaka ukalia.

"Mwambie mteja," alisema, akawasha gari.