Nondo Wawili wa Fedha

Kazi yangu ni kuchekesha watu. Mwaka wa ishirini na sita huu napanda jukwaani na suruali iliyonizidi, naanguka pale ninapotakiwa kuanguka, watu wanashika mbavu, mimi narudi nyumbani kujikanda mgongo. Kwa hiyo ukiona nasimulia jambo bila kukutegea mahali pa kucheka, ujue limenikaa kooni. Lilimpata mdogo wangu wa kike, tumbo moja, tuliyemwita Kicheko.

Jina hilo hakupewa bure. Cheko lake lilianzia chini, kama mtu anayeburuta meza, likapanda, likakatika kwa mkoromo mmoja wa pua, hnk!, halafu likaanza upya. Onyesho langu la kwanza kabisa, ukumbi mzima umeninunia kama niliwaibia viatu, ni yeye peke yake, safu ya nne, aliyeliangua. Watu wakacheka cheko lake, mimi nikadhani wamenicheka mimi. Nikawa msanii. Tangu siku ile kila Jumamosi saa tisa alasiri yeye alikuwa safu ya nne, na nusu ya kipaji changu ilikuwa imekaa pale kitini, imevaa gauni.

Aliolewa na sonara. Shemeji mwenyewe mpole, mikono misafi kuliko ya daktari, ila alikuwa na tabia ya kuzungumza na wewe huku anakuangalia sikio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza yenye makovu ya moto, koleo zimepangwa kwa urefu, tanuri dogo la ukubwa wa televisheni ya zamani. Nje ya mlango, ndani ya ndoo ya rangi, Kicheko alipanda ua lake. Mchana lilifumba kama ngumi. Giza likiingia linafunguka, jeupe, pana kama sahani, linanukia hadi barabarani. Asubuhi limelegea kama tambara la deki.

Nondo walilifuata ua lile. Nasema nondo wadudu, wale vipepeo wa usiku wenye vumbi mabawani. Wale wa zege tuwaachie mafundi ujenzi. Alfajiri walikuwa bado wamelala kwenye majani, na shemeji aliwachuma mmoja mmoja kama mtu anayechuma mboga, anawatia kwenye chupa. Alikuwa ameingiwa na wazo la kutengeneza hereni: ua limefunguka nusu, na nondo ananing'inia chini yake.

Jumapili moja mchana, tumeshiba, tumekaa karakanani tunapiga soga. Shemeji akatuonyesha anavyofanya. Hachongi. Anamchukua mdudu mwenyewe, anamsimamisha ndani ya kopo, anammwagia jasi, ule unga mweupe wa mafundi dari, ukishakorogwa na maji unakuwa uji. Uji unapata joto wenyewe, unakamata, unakuwa jiwe. Jiwe linaingia tanurini, mdudu anaungua humo ndani hadi majivu, linabaki tundu lenye umbo lake. Humo ndimo anamimina fedha iliyoyeyuka.

"Mpaka unywele wa mguu unatokea," alisema. "Jasi inashika kila kitu. Shida ni moja tu. Hawa ninawaua kwanza, na nondo aliyekufa hukunja mabawa. Nimkunjue vipi, anarudi palepale. Mimi namtaka aliyejitanua."

Sasa mimi na mdomo wangu.

"Shem, mtie akiwa hai! Atajitanua mwenyewe akitafuta mlango!"

Nikasimama. Nikaigiza nondo ndani ya uji wa jasi: macho yamenitoka, mikono naitanua, nabisha hodi huku, nabisha kule, samahani mwenye nyumba, naomba kutoka. Kicheko akaangua. Alicheka akaiegemea meza, kichwa kimeinama juu ya makopo mawili yaliyokuwa tayari, mdomo wake shibiri moja tu juu ya uji.

Shemeji hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyeokotewa ufunguo wake. Kisha akafungua chupa.

Nondo wa kwanza alizamishwa ujini mdogo wangu akiwa bado anacheka.

"Usichekee hapo, mama," shemeji alimwambia, taratibu, anashindilia kwa kijiti. "Nimesema inashika kila kitu."

Na hilo nalo likamchekesha. Hnk! Wa pili alipozama, akaona miguu. Cheko likakatika.

"Mtoe. Baba, mtoe, anahangaika."

"Keshakamatwa."

Juu ya uji vikapanda viputo. Vitatu. Kimoja. Halafu pakawa peupe na laini kabisa, kama paji la uso la mtoto.

*

Hereni zilitoka ambazo sijawahi kuona mfano wake. Nondo wamejitanua mpaka unaona misuli. Ukizisogeza karibu na taa unahesabu vinywele. Shemeji alimvalisha mkewe mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akamwangalia masikio kwa muda mrefu. Kicheko naye, mwanamke ni mwanamke, alijitazama kwenye kioo akasahau ile miguu.

Jumamosi ya tatu nilianguka pale ninapoangukaga. Nikasubiri meza iburutwe. Hakuna.

Nikachungulia safu ya nne. Mdogo wangu alikuwa anacheka. Mdomo wazi, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Sauti haipo. Na hereni zilikuwa zinatetemeka, zote mbili, ingawa kichwa chake alikuwa amekishika kwa mikono.

Ukumbi ulininunia kama siku ya kwanza.

Baada ya wiki moja akaanza kunong'ona. Daktari akammulika kooni, akasema koo safi, anywe maji ya vuguvugu. Akanywa. Asubuhi akiamka, pembeni mwa midomo ana unga mweupe.

"Kaka," alininong'oneza, "nasikia joto shingoni. Lile joto la jasi ikianza kukamata."

Nikamwambia mzaha. Sina haja ya kuurudia, haukuwa mzuri. Alijaribu kucheka kwa ajili yangu na nikaona shingo yake haisogei.

Siku hiyo hiyo akazivua zile hereni, akaziweka ndani ya kopo la biskuti, kopo juu ya kabati. Tukakaa mezani, saa tano mchana, jua limejaa chumbani, mimi namenya chungwa. Ndipo nikalisikia. Chini kabisa, kama mtu anaburuta meza nyumba ya tatu. Likapanda. Likakatika.

Hnk.

Mdogo wangu alikuwa mbele yangu. Mdomo ameufunga. Ananitazama.

Lilitoka kwenye kopo.

"Ni langu lile," alinong'ona. "Nirudishie."

*

Nilikwenda kwa shemeji nikapiga magoti. Mimi, mtu wa kuanguka kwa ujira, siku hiyo nilianguka bure. Nikamwomba aziyeyushe. Fedha ikirudi kuwa uji, kilichoshikwa kitaachiwa. Sikujua kama ni kweli, lakini kingine cha kujaribu sikuwa nacho.

"Sijawahi kufanya kazi kama ile," alisema. "Wala sitaweza tena. Wengine wote niliowatia baada yao wamejikunja. Unajua kwa nini?"

"Mkeo anakauka, shem!"

"Wale wawili walichekewa," alisema, anaangalia sikio langu. "Mtu akichekewa hukazana."

Hata hivyo siku ya pili alikubali. Akatuita karakanani. Akalichukua kopo kutoka mikononi mwa Kicheko, akageuka kwenye tanuri, mgongo wake katikati yetu na moto. Akageuka tena na chungu cha kuyeyushia, na ndani yake fedha inang'aa, inazunguka kama jicho.

"Haya," alisema. "Zimekwisha."

Mdogo wangu akanishika mkono. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo, polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua. Tukasubiri.

Hakikutoka kitu.

Alikaa siku nne. Siku ya kwanza shingo, ya pili mabega. Siku ya tatu aliniandikia kwenye karatasi, maana hata mnong'ono uliisha: *Chekesha kidogo, labda litakuja.* Nikachekesha. Saa tatu mfululizo, mimi peke yangu, mbele ya kitanda, na suruali yangu iliyonizidi. Macho yake yalicheka. Macho tu.

Siku ya nne, saa nane mchana, lile ua mlangoni likafunguka juani. Jeupe. Lote.

Nilipoingia ndani alikuwa amejitanua kitandani. Mikono huku na huku, vidole vimeachana, kidevu juu. Wanawake waliokuja kumwosha walijaribu kumkunja mikono. Walijaribu wanne. Tulilazimika kutafuta jeneza pana.

Shemeji alisimama mlangoni muda wote huo. Na Mungu aniwie radhi, yule mtu alikuwa anapima kwa macho.

*

Nilipumzika miezi miwili, kisha nikarudi jukwaani. Utafanyaje? Sijui kushona wala kulima.

Jumamosi ya kwanza nilianguka pale pale, bila matumaini. Na kutoka safu ya nne, meza ikaburutwa.

Nilibaki chini. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Cheko likapanda, likakatika kwa pua, likaanza upya, na ukumbi mzima ukalifuata kama zamani. Nikainua kichwa. Kwenye kiti cha Kicheko alikaa mwanamke nisiyemjua, mnene, gauni la kijani. Mdomo ameufumba. Chini ya masikio yake, nondo wawili wa fedha, mabawa wazi.

Shemeji hakuziyeyusha. Sijui aliyeyusha vijiko gani siku ile. Aliziuza.

Nilimwahi mlangoni na suruali yangu ya mchezo.

"Dada, hizo hereni..."

"Nzuri, eh?" alininong'oneza, anashika koo. "Samahani, sauti imenikauka tangu juzi. Hata leo nimeshindwa kukuchekea, kaka yangu, na umenivunja mbavu. Sijui nani kacheka nyuma yangu, analo cheko!"

Pembeni mwa midomo yake palikuwa na unga mweupe.

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno nilikuwa nayo. Vua, dada. Vua sasa hivi, tupa mtoni, kimbia. Lakini masikioni mwake, karibu kabisa na uso wangu, kitu kilikuwa bado kinahema baada ya kucheka. Nilikijua kile kihemo. Nimekua nacho chumba kimoja.

"Zimekupendeza sana," nilisema. "Jumamosi ijayo njoo tena. Kiti kile kile nitakuwekea. Bure."

Alikuja. Alikuja Jumamosi sita. Mimi sijawahi kuwa na maonyesho kama yale, watu walisimama mpaka ngazini. Nilianguka mara tatu badala ya moja. Niliigiza kila kitu. Jumamosi ya sita niliigiza hata nondo, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza vizuri. Ukiliondolea mkoromo lile halikuwa cheko. Ni mtu mahali pembamba anayebisha hodi. Huku. Na kule.

Nikaendelea kuigiza.

Yule mama alikuwa amekaa wima mno. Alikuwa hageuzi shingo.

Jumamosi ya saba mkata tiketi aliniapia kwamba mama wa gauni la kijani ameingia, kampokea yeye mwenyewe, na mlango ni mmoja. Nilipanda jukwaani. Kiti kilikuwa kitupu. Nilianguka, pakawa kimya, nikalala pale chini mpaka walipofunga pazia.

Kwenye kiti nikakuta hereni moja.

Nondo alikuwa amekunja mabawa. Yamelala mwilini, miguu imekusanywa kifuani. Nilimpelekea sonara mwingine, mzee wa mtaa wa pili, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza muda mrefu. Haijapigwa nyundo, alisema. Haijapitia moto. Imemiminwa hivi hivi, mabawa yamekunjwa.

"Nani alikwambia ilikuwa wazi?"

Ninayo mfukoni. Naiweka sikioni kabla ya kila onyesho, na iko kimya kabisa, fedha baridi. Shemeji alihama, nasikia kwingine biashara imemkubali.

Kile kiti sikiuzi mpaka leo. Maana ile hereni ya pili sijaiona, na mara ya mwisho nilipoitazama ilikuwa imejitanua.