Karakana ya Wageni

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa na amani. Mama, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima kwa mishono isiyofumuka, alikuwa kibarazani na kazi za watu. Ndani, binti yake wa pekee alikuwa akipiga pasi ovaroli la chuo huku akiimba. Mama ndiye aliyelishona. Magotini alitia kitambaa maradufu, na mfuko wa koleo akaurudia mishono, maana alijua kazi ya umeme haina huruma na nguo. Sasa binti amemaliza masomo, na ovaroli bado ni jipya kama siku lilipotoka kwenye cherehani. Mama alijisifu moyoni kwamba amelea mtoto msafi.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo tulipotakiwa kushtuka. Hatukushtuka.

Chuo chenyewe mnakijua. Kilijengwa huku kwetu pembezoni mwa mji ili watoto wetu wasihangaike kwenda mbali. Kiliahidi ufundi wa umeme, wa bomba na wa magari. Karakana ilikuwepo, tena imejaa vifaa, ila ilikuwa na kufuli. Ilifunguliwa siku ya wageni tu. Siku hiyo wanafunzi huvalishwa glavu, huyu anashika koleo, yule anainamia nyaya, picha zinapigwa, wageni wanashangilia, kisha glavu zinakusanywa na mlango unafungwa. Siku nyingine zote wanafunzi walichora soketi kwenye madaftari. Binti huyu alizichora vizuri ajabu. Picha yake akiwa na koleo ilibandikwa getini, kubwa kama mlango, na mama alikuwa akipita pale hata akiwa hana safari.

Basi asubuhi hiyo akaja mdogo wake mama, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Dada, nimemfuata fundi wangu. Nimepata mashine ya kukaushia nywele, nataka aniunganishie umeme. Nihangaike na mafundi wa nje wakati damu yangu iko pale getini inawachekea watu?"

"Mchukue. Ila umlishe, mafundi wanakula."

Binti alisita. "Mama mdogo, labda tumwite na fundi mwingine, tusaidiane."

"Hebu acha maringo, wewe! Kwani ulikuwa unasoma nini huko?"

Binti aliona haya kusema ukweli mbele ya mama yake aliyejivuna naye kiasi kile. Akavaa ovaroli lake, akaenda.

Jua halijafika utosini, mtu akaja mbio kumwita mama. Mashine aliyoiunganisha binti ilikuwa ya chuma. Waya wenye moto uligusa bati lake, na ule wa kupeleka umeme ardhini haukufungwa kabisa. Msusi alikuwa ametoka kumwosha mteja nywele, akaishika kwa mkono uliolowa maji, umeme ukamng'ang'ania. Kinyozi wa chumba cha jirani ndiye aliyekimbilia swichi kubwa akaizima. Bila yeye tungezika.

Hospitalini daktari alisema atapona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia huenda visikunjike tena. Msusi, jamani! Mkono wa kulia! Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama, swali la mashine kama ile nililipata kwenye mtihani. Kwenye karatasi najua kila waya unakwenda wapi. Lakini soketi ya kweli sijawahi kufungua hata moja."

"Na ile picha ya getini?"

"Walitupatia koleo tukashika. Wakapiga picha. Wakachukua koleo lao."

Mama hakulia. Alipita nyumbani akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaenda chuoni moja kwa moja. Wazazi waliomwona njiani walimuuliza kulikoni, na waliposikia, wakamfuata.

Mkuu wa chuo aliwapokea kwa sauti ya upole. "Mama, tumesikitika sana. Lakini vile vifaa ni vya thamani. Wanafunzi wakiviharibu, wageni wakija tutawaonyesha nini?"

"Waonyeshe watoto walioiva kwenye kazi! Umetunza mashine, ukatuharibia watu. Fungua."

"Kuna utaratibu, mama."

"Mdogo wangu amelala hospitali kwa huo utaratibu wako. Fungua!"

Mkuu alichungulia nje, akaona ua umejaa wazazi, akatoa ufunguo. Vifaa vilikuwa vinang'aa, vingine bado vimo kwenye nailoni za kiwandani. Mama alichana nailoni ya kwanza kwa mkasi, akaendelea na nyingine, taratibu, kama anavyokata vitambaa vya watu. Hakuna aliyemzuia.

Binti alirudi chuoni kuanza upya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Msusi amefungua tena saluni, anasuka polepole kwa vidole vinavyokunjika, na wateja wenye haraka wamemkimbia. Jioni moja binti alirudi na ovaroli limechanika goti, limejaa grisi, mfuko umetobolewa na cheche.

"Mama, nisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Mama alitafuta kiraka.

"Lete nishone," alisema. "Nimengoja siku nyingi lichanike hivi."

FUNZO

Nyinyi mnaoendesha vyuo, cheti cha fundi asiyewahi kushika kazi ni udanganyifu, na anayeumia si nyinyi mliokitia sahihi. Nasi wazazi tusijitoe. Tulizipigia makofi picha, tukasifu usafi wa karakana, hatukuuliza ni nani anayeitumia. Mwanao akikuambia anasomea ufundi, mtazame mikono na nguo zake. Ukiona nguo ya kazi haichafuki, usimsifu. Nenda chuoni ukadai mlango ufunguliwe.