Ukurasa Mweupe

Penye nia hapana njia, kama mwenzako ameuona ukurasa mweupe akaamini hukuandika kitu.

Ghati na Magige walikutana stendi ya Tarime siku umeme umekatika, wakigombea soketi moja kwenye kibanda cha kuchaji simu. Jenereta ilinguruma. Ghati alivaa gauni la kitenge cha njano. Magige, buti zenye tope la kijiji cha Nyambureti.

"Dada, kompyuta yako imeshiba. Mwachie mgonjwa wangu dripu."

"Mgonjwa wako apange foleni, kaka."

Kufikia mavuno Magige alikuwa akimwita Ghati mama watoto kwenye simu, na wote wawili walikuwa wakisanifu mfumo wa kompyuta wa chama cha wauza maziwa Ringwani. Ghati alichora kwa programu moja ya bure, Magige kwa nyingine. Faili lilipovuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, vitu vyote vilifika. Mpangilio wake ukurasani tu ndio uliobaki nyuma.

"Mpenzi, ukurasa ukiwa mtupu usishtuke. Fungua orodha ya pembeni. Vyote vimo, ni kuvipanga upya."

"Nimesikia, malkia."

Siku ya kikao cha chama Magige alisahau. Alifungua faili mbele ya wazee, ukuta mzima uliomulikwa na projekta ukawa mweupe. Hakugeuka kumuuliza Ghati aliyeketi nyuma yake.

"Wazee wangu, mniwie radhi. Mwenzangu hakufanya kazi yake."

Ghati akasimama. "Shikamooni wazee. Kazi ipo. Asiyejua kuifungua ni huyu."

Alipoinyooshea mkono kompyuta, mwenyekiti, Mzee Heche, baba yake Magige, aliinua fimbo. "Keti, binti."

Magige akaachiwa kazi peke yake.

Siku chache baadaye Magige alimpigia Ghati simu. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya wazee wa Magige kwenda Kerende, nyumbani kwao Ghati, kuposa.

"Ghati wangu, nimeiona kazi yako. Yote yamo. Hata mishale umeiunganisha vizuri."

"Najua."

"Nitawaeleza wazee. Ila baba anasema uanze wewe kuomba radhi, kwa kunijibu mbele ya watu. Ukiomba tu, Jumamosi tunakuja."

Gauni la njano lilikuwa mapajani mwa Ghati, bado lina joto la pasi. Machozi yalidondoka juu yake, naye hakuyafuta.

"Magige, nakupenda," alisema. "Wasije. Siombi radhi."