Orodha ya Vito Isiyokwisha

"Namba mia mbili na kumi na moja," mume alisoma. "Tiara."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Taji. Ile ndogo, ya mbele ya kichwa."

Mke aliweka kalamu chini. "Juzi tuliandika taji."

"Ile ilikuwa ya malkia. Hii ni ya binti wa malkia."

"Sonara wetu, mwenye duka la mlango mmoja, anawauzia taji mabinti wa malkia?"

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa, mke wangu."

"Na picha yake?"

"Hizi za mwisho bado hajazipiga. Ataleta."

Mke akaandika *diadème*, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo akaoneshwa mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sonara alikuwa na orodha ya vito vyake kwa Kiingereza, akataka kitabu cha Kifaransa kwa ajili ya wateja wa ng'ambo. Mume alikuwa mwalimu wa Kiingereza, lakini Kifaransa hakujua hata cha kuombea maji. Mke alilelewa na shangazi yake kulikosemwa Kifaransa, na Kiingereza kwake kilikuwa giza tupu. Basi mume husoma, hueleza kwa Kiswahili, mke huandika. Na mwanzoni mke hakuandika kitu asichokiona kwenye picha. Mkufu wa shingo si mkufu wa mguu, alisema, na mteja akidanganywa na kitabu harudi tena.

Hayo ndiyo maongezi pekee yaliyobaki nyumbani humo.

Miezi minne nyuma, mbele ya wageni, wifi yake mke alikuwa amesema, "Kaka yangu ameoa ua la plastiki. Linapendeza sebuleni, lakini tunda usingoje." Wageni wakacheka. Daktari alikwishawapima wote wawili, na kasoro haikuwa kwa mke. Mke alikuwa ameifunika siri hiyo miaka yote. Siku ile alimtazama mumewe, akangoja. Mume akakodolea macho kikombe chake cha chai kana kwamba kimedondokewa na kitu. Hakusema neno. Njiani kimya, nyumbani kimya, kesho yake kimya.

Kazi ya sonara ilipofika namba ya tisini, mke alisema, "Dada yako nimemzoea. Aliyeniumiza ni wewe. Nikiimaliza orodha hii naenda kwa kaka yangu. Nimempa mzee wa watu ahadi, siwezi kumwachia kazi nusu."

Mume alikohoa. "Tulikuwa tisini na ngapi vile?"

Mungu si mwepesi wa hasira, na mke alijitahidi naye asiwe. Akaendelea kuandika.

Sasa, alasiri hii ya Jumamosi, mume alikwenda jikoni kuchemsha chai. Simu ya mke ikalia, ujumbe kutoka kwa sonara:

"Binti yangu, habari za siku. Kitabu kimetoka kuchapwa, kizuri mno. Vito mia na themanini, hata kimoja hamkukosea. Njooni mchukue nakala yenu. Mungu awazidishie."

Mke akausoma mara mbili. Akampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu! Umeupata ujumbe?"

"Nimeupata. Ni mia na themanini tu? Hakuna nyongeza? Zile taji je?"

Sonara alicheka mpaka akapaliwa. "Taji! Mwanangu, mimi nauza hereni na bangili. Taji nimvike nani, paka wa dukani? Mumeo aliniletea orodha kamili tangu mwezi uliopita. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee wangu. Nimechanganya hesabu."

Akafunua daftari. Kuanzia mia na themanini na moja: kipini cha kofia ya bwana, pete ya kidole gumba cha mguu, mkufu wa farasi wa sherehe. Vito thelathini na kimoja visivyokuwepo popote. Alitaka kucheka, akakuta hana nguvu. Alitaka kulia, akakuta vilevile.

Mume akarudi na vikombe viwili. "Tuendelee? Mia mbili na kumi na mbili..."

"Nipe hiyo karatasi."

"Mwandiko wake mbaya, hutausoma."

"Nipe."

Akampa. Mke akaitazama. "Huu ni mwandiko wako."

Mume akavitua vikombe mezani.

"Umenidanganya mwezi mzima."

"Nimekudanganya."

"Mgongo unaniuma kwa ajili ya mkufu wa farasi!"

"Ule nilizidisha," mume alikiri kwa sauti ya chini.

"Kwa nini lakini?"

"Ulisema ukiimaliza unaondoka. Nikaona isiishe."

"Ukadhani itafika wapi?"

"Kamusi ina kurasa elfu moja na mia mbili."

Mke akajishika kichwa. "Maneno thelathini na moja ya Kiingereza umeyatafuta ukayapata. Mimi nilingoja moja tu la Kiswahili, na wala halikuwa la kuniambia mimi."

Mume aliketi taratibu. "Dada ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Nikiwa mbele yake ulimi wangu unarudi kuwa wa mtoto wa miaka sita."

"Najua. Ndiyo maana nimengoja miezi minne. Mwingine angengoja siku nne."

"Nimpigie?"

"Usiniulize mimi. Nikikutuma, litakuwa neno langu kinywani mwako. Tafsiri ya namna hiyo siitaki."

Mume akaichukua simu yake, akapiga, akaiweka mezani, akafungua spika.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Sauti gani hiyo, unaumwa?"

"Siumwi. Siku ile mbele ya wageni ulimwita mke wangu ua la plastiki."

"He! Mpaka leo mnalitafuna hilo? Ulikuwa utani wa mawifi!"

"Daktari alitupima wote wawili, dada. Yeye mzima. Asiyezaa ni mimi."



"Amekulisha nini huyo mwanamke?"

"Hajanilisha kitu. Aibu yangu ameimeza yeye, miaka sita. Ulimvunjia heshima mbele ya watu, njoo umwombe radhi mbele ya watu walewale. Usipokuja, kwako mimi sikanyagi."

"Unanisemesha hivyo mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, dada, na sitasahau mpaka kaburini. Lakini sasa anayenibeba ni huyu, na mimi ni mzito."

Dada mtu alivuta pumzi ndefu. "Nipe siku mbili," alisema, bila ule ukali wake, na simu ikakatika.

Mke akamsogezea kikombe.

"Umechelewa," alimwambia.

"Najua."

"Umechelewa sana."

"Najua, mke wangu. Orodha imeisha tangu mwezi uliopita. Bado unaondoka?"

Mke alimtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akizitazama picha za sonara kabla ya kuandika.

"Nilisema nikiimaliza," alijibu. "Na mia mbili na kumi na mbili hujaniambia ni nini."

Mume akaikamata karatasi haraka, akafungua kinywa asome.

"Kesho," mke alimkatiza, akalaza kichwa juu ya daftari. "Leo nimechoka. Na hiyo kesho, tafadhali, tafuta kitu ambacho watu wanakivaa."