Neno Kabla ya Meno

Nyumba ile ilikuwa na neno moja la kazi zote: nimechoka. Mama akirudi kutoka kiwanda cha nguo, vidole vimevimba kwa kushona kola kutwa nzima, alisema, "Nimechoka." Dada, mwanafunzi wa darasa la sita, akikamua nguo za shule alisema hivyo hivyo. Hata mdogo wake wa miaka minne alijitupa sakafuni na kutangaza, "Nimechoka!" Wakamcheka. "Umechoka na kazi gani, mzee wetu?"

Huyo mdogo aliitwa Meno, jina alilolipata chekechea kwa machozi ya wenzake. Tangu Mama apangiwe zamu ya alfajiri, Meno alikuwa haishi kung'ata watoto.

Jioni moja Dada alipokwenda kumchukua, mwalimu wa chekechea alimngoja mlangoni, amechoka hata sauti imekauka.

"Leo ameng'ata mwenzake shavuni. Akirudia, itabidi abaki nyumbani."

Dada akawaza kwa sauti. Abaki na nani? Mama akiacha kazi watakula nini? Atakayeacha shule ni yeye, tena mtihani umekaribia.

"Una nini wewe?" akamfokea Meno.

"Nimechoka."

"Umechoka na nini? Unashinda ukicheza!"

"Taratibu, binti," mwalimu alisema, akachuchumaa mbele ya Meno. "Una usingizi?"

Meno akatikisa kichwa.

"Una hasira?"

Akatikisa tena.

"Unaogopa?"

Kichwa kikatulia. "Nikiamka Mama hayupo," alisema polepole. "Namngoja pale dirishani. Watoto wananivuta tukacheze. Mama akipita je, nisimwone?"

Dada alihisi uchungu. Kila alfajiri Mama huondoka kwa kunyata, viatu mkononi, ili mtoto asilie. Walidhani wanamhurumia, kumbe mwenzao anaamka akiamini mama amepotea.

Jioni hiyo Mama aliporudi, alisikiliza habari yote akiwa bado na mkoba begani. Akajibwaga kitini. "Jamani, nimechoka."

Meno akamsogelea. "Una usingizi, una hasira, au unaogopa?"

Mama akataka kucheka, machozi yakamtangulia. "Naogopa, baba. Naogopa dada yako asije akaacha shule."

Alfajiri Mama alivaa viatu vyake, akamwamsha Meno na kumuaga. "Nitarudi jioni, tutakula pamoja." Meno alilia sana, na Mama akaenda kazini na moyo mzito. Kesho yake alilia tena, lakini kidogo.

Siku chache baadaye, mtoto mmoja alimvuta Meno kutoka dirishani. Meno akafumbua kinywa. Mwalimu aliruka kuwahi shavu la watu, lakini safari hii hayakutoka meno.

"Niache kwanza. Naogopa."

Mwenzake akamwachia mkono. Akasimama naye pale dirishani, wakangoja pamoja mpaka Meno mwenyewe akasema twende.

Dada alipofika jioni, mwalimu alimsimulia akitabasamu. "Mdogo wako ataendelea kuja hapa, na wewe utafanya mtihani wako. Shika hili, binti: mtoto asiye na neno hutumia meno. Ukimkemea unamziba mdomo tu. Muulize, umpe neno, naye atakwambia kinachomsumbua. Sisi wakubwa pia tunahitaji kuulizwa. Haya, wewe umeshindaje?"

"Nimecho..." Dada akajikatiza. Akafikiri kidogo. "Nina usingizi, Mwalimu. Na nina furaha."