Albamu Iliyoitwa "Tosha"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Labda ni kwa sababu hawakufika Doonside, kitongoji cha Sydney. Mwaka ule tuliofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, asiyesikia la mkuu hakuvunjika hata ukucha. Aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe.

Asiyesikia huyo aliitwa Jepchumba, msichana wa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alivaa sweta juu ya nguo za kulalia, akakaa dirishani kumngoja mama yake. Mama huyo, jina lake Chepkoech, alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika makao ya wazee. Gari lake lilipoingia, Jepchumba hakukimbia kumlaki. Alikatazwa. Mama alivua viatu barazani, akapita moja kwa moja hadi chumba cha kufulia, akatia sare yake kwenye mfuko wa plastiki, akaoga maji ya moto. Hapo ndipo alipokuja kumkumbatia mwanawe. Siku nyingine usingizi ulimchukua kabla chai haijapoa.

Baada ya hapo yalianza masomo kwenye kompyuta. Walimu walikuwa wamechoka, watoto wamechoka, hata mtandao ulionekana umechoka. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na watu waliruhusiwa kutembea karibu na kwao tu. Rafiki yake Déborah aliishi Merrylands, safari fupi ya treni. Siku hizo Merrylands ilikuwa mbali kama Eldoret.

Kitu kimoja tu kilimchangamsha Jepchumba: darasa la Kiswahili la kila Jumamosi, lililofundishwa mtandaoni na Mwalimu Verdiane, mama mchangamfu wa kutoka Bukoba. Watoto wengi wa darasa hilo walielewa Kiswahili lakini walijibu kwa Kiingereza. Jepchumba alikuja Australia akiwa na miaka minane, na Kiswahili chake kilitiririka. Ndiyo maana alipewa Kiti cha Msikilizaji. Aliyekalia kiti hicho alisikiliza muziki au hadithi mpya, kisha akatoa hukumu yake mbele ya wote. Wazazi nao walisogea kusikia, na sifa zao zilimnoga kuliko peremende.

Wiki moja mwalimu akasema, "Jepchumba, safari hii utatuhukumia albamu ya kundi la Ngurumo. Ujue, kanisa la Merrylands linaandaa sherehe ya siku ukumbi utakapofunguliwa. Ngurumo wameomba kupiga. Wasikilizaji wetu ndio watakaosema kama wanafaa. Kwa hiyo sikiliza vizuri, mama."

Ngurumo walikuwa wazee watatu wa kutoka Bukavu. Zamani walipiga muziki wa roki, magitaa ya umeme yakilia hadi ng'ambo ya ziwa. Vita vikawatawanya, wakakaa kimya zaidi ya miaka ishirini. Sasa wote walikuwa Sydney, na kufungiwa ndani kuliwarudisha kwenye vyombo vyao. Kila mmoja alirekodi kwake. Térence alipiga ngoma kwenye gereji huko Liverpool ya Sydney, Cirhuza akapiga gitaa la besi chumbani, na Mzee Mirindi, kiongozi wao, akapiga gitaa na kuimba kabatini katikati ya makoti. Mzee Mirindi alikuwa babu yake Déborah.

Déborah, naye wa darasa hilo, alipiga simu siku hiyohiyo. "Utaisikiliza yote, sivyo? Babu hali, halali. Anauliza tu, 'Ule mutoto wa Chepkoech alisema nini?'"

"Nitaisikiliza, Debo. Kwani mimi nina kazi gani nyingine?"

Alikuwa na maana hiyo kweli. Lakini Jumatatu alichoka, Jumanne akachoka zaidi, na siku nyingine zikafuata mkondo huohuo. Ijumaa jioni alifungua wimbo wa kwanza. Gitaa lilinguruma, kisha ikaja sauti ya Mzee Mirindi, imekwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. "Aki, hapana," Jepchumba akasema, akazima. Akatazama jina la albamu: *Tosha*. Akacheka. Akasoma maoni ya watu mtandaoni, akaokota moja hapa, moja pale, akayatia chumvi. Hukumu ikawa tayari.

Jumamosi alikaa wima mbele ya kamera.

"Ngurumo wametoa albamu inayoitwa *Tosha*," alisema. "Kwa mara ya kwanza, mimi na wazee hawa tunakubaliana. Sauti inatosha. Kelele inatosha. Walikaa kimya miaka ishirini, na kimya kile ndicho kilichokuwa kibao chao bora."

Wazazi waliangua kicheko. Bwana Kinuthia, mzazi aliyependa mno kusahihisha Kiswahili cha wenzake, aligonga meza. "Huyu mtoto ni moto! Hii lazima nisambaze." Na akasambaza. Kabla ya chakula cha mchana hukumu ilikuwa imezunguka makundi yote ya Watsapu. Watu ambao hawakuwahi kuisikia albamu waliandika, "Wazee, nendeni mkanywe uji." Mwingine akaandika, "Inatosha kweli!"

Mwalimu Verdiane hakucheka. Aliuliza tu, "Umeisikiliza yote, Jepchumba?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kwenye kile kiboksi kilichokuwa na uso wa Déborah, kamera ilizimwa.

Kesho yake Déborah alipiga simu. Hakusalimu.

"Babu ameingiza gitaa chini ya kitanda. Amewaambia Térence na Cirhuza kwamba basi. Amemwambia mwalimu awatoe kwenye sherehe. Eti vita havikumnyamazisha, amenyamazishwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimpa biskuti kanisani."

"Debo, nilikuwa natania tu."

"Wimbo wa tatu unahusu nini?"

Jepchumba alitafuta jibu kwenye dari. "Unahusu... uzee. Kuchoka."

"Haya," Déborah akasema polepole. "Hata hukuusikia." Simu ikakatika.

Jumatatu asubuhi gari la mama liliingia, lakini mlango wake haukufunguka. Jepchumba alingoja, kisha akatoka barazani akitetemeka kwa baridi. Kioo cha gari kilikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye usukani, na ndani mlikuwa na sauti iliyokwaruza.

*Tosha viatu, mama, acha kwa mulango,*
*tosha nguo ya kazi, tosha na uchovu.*
*Mutoto anangoya, usimuguse bado.*
*Tosha, tosha, kisha ingia.*

"Mama! Unasikiliza hiyo?"

Mama Chepkoech aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, na mistari ya barakoa ilikuwa bado mashavuni. "Usisogee, mwanangu. Huu ndio wimbo unaonifikisha nyumbani bila kulala barabarani. Bibiane wa kazini, naye wa Bukavu, alinipa."

"Lakini mbona anasema 'tosha viatu'? Viatu vinatoshaje?"

"Hata mimi nilidhani anasema vimetosha mguu." Mama alicheka kicheko chembamba, cha mtu aliyekesha. "Bibiane akanifafanulia. Kwao kutosha ni kuvua, ni kuondoa. Kitu kimo ndani, wewe unakitoa: unakitosha. Mzee anamwambia muuguzi avue viatu mlangoni, avue na uchovu, ndipo aingie kwa mtoto wake." Alizima injini. "Sijui nani alimsimulia maisha yangu. Nikafikiri, kumbe kuna mtu anatuona."

Jepchumba aliona kama baraza linazama. Albamu nzima aliifanyia mzaha kwa neno moja ambalo hakulielewa, na angeuliza maana yake kama angefika wimbo wa tatu tu.

"Mama," alisema, "ile hukumu inayozunguka kwenye simu ni yangu. Ulikuwa umelala nilipoitoa. Na sikuisikiliza albamu. Nilimdanganya mwalimu, nikamdanganya na Debo."

Jepchumba alingoja kugombezwa, ingekuwa afadhali.

"Sina nguvu za kukugombeza," mama akasema. "Nenda ukaisikilize. Yote. Ukimaliza, utajua mwenyewe la kufanya."

Aliisikiliza yote, kisha akairudia. Haikuwa nzuri mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na wimbo mmoja mrefu kama ibada ya Krismasi, na katika mwingine ngoma ilitangulia na gitaa likaifuata nyuma likihema. Lakini wimbo wa tatu ulimfanya afunge mlango wa chumba chake alie kidogo.

Alipomaliza alimpigia Mzee Mirindi kwa video.

"Nani?" sauti ikauliza. "Naona giza tu. Tosha kidole kwa kamera, mutoto!"

Jepchumba aliondoa kidole haraka. Ndipo alipotambua kwamba ametii neno lilelile alilolicheka.

"Shikamoo, babu. Ni Jepchumba."

"Marahaba." Uso wa mzee haukutabasamu. "Umekuja kunizika mara ya pili?"

"Hapana, babu. Nimekuja kusema kwamba sikuisikiliza. Niliposema ni mbaya, sikuwa nimeisikia. Nisamehe."

Mzee alivuta pumzi. "Na sasa umeisikia?"

"Yote. Mara mbili."

"Basi toa hukumu. Na usinipake mafuta."

"Wimbo wa tano ni mrefu mno. Wa pili, ngoma inakimbia. Sauti yako imezeeka, babu. Lakini kwenye wimbo wa tatu... pale inapaswa kuwa imezeeka. Kijana akiuimba huo, mama yangu hatamwamini."

Halafu mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Ngoma inakimbia! Njo vile, ndivyo kabisa! Nilimwambia Térence, 'Unakimbia, mupolisi gani anakufuata?' Akakataa!" Alicheka hadi akakohoa. Kisha akatulia. "Mutoto, hiyo njo hukumu. Hiyo haijanivunja hata kidogo. Ile ya kwanza ilinivunja kwa sababu haikunisikia. Lakini uliisema mbele ya watu wote. Unarekebisha sikioni mwangu peke yangu?"

Jepchumba alijua jibu, na alilichukia. Alijenga picha akilini ya wale wazazi wote wakimtazama, na sifa zao zikifutika. Hata hivyo, Jumamosi ilipofika aliomba Kiti cha Msikilizaji kabla hajaitwa.

"Wiki iliyopita niliwachekesha," alisema. "Sikuwa nimesikiliza. Niliiba maoni ya watu nikayaita yangu, na mwalimu aliponiuliza, nilidanganya. Leo nimesikiliza." Akaeleza maana ya neno *tosha*, akasema mazuri ya albamu, akasema na kasoro zake, kisha akaomba wimbo wa tatu upigwe. Wengi waliokuwa kwenye vile viboksi walikuwa wauguzi, wahudumu wa wazee na wafanyakazi wa maghala. Wimbo ulipofika pale pa "mutoto anangoya," mama mmoja alijifuta macho kwa upindo wa leso. Mwingine akazima kamera. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Verdiane alingoja gitaa liishe.

"Watoto wangu," alisema, "tumechoka sote, nami pia. Lakini uchovu si ruhusa ya kusema usilolijua. Mtu akikupa kazi yake uihukumu, amekupa jasho lake mkononi. Una haki ya kusema ni baya, na ukisema hivyo baada ya kulionja, hujakosa. Ukisema kabla hujalionja, hata ukilisifu, umedanganya. Jepchumba amerudi kusema kweli mbele ya waliomshangilia. Hilo ni gumu, na ndilo ninalotaka mjifunze."

Kisha akawauliza wasikilizaji waliosikia wimbo kama Ngurumo wapige kwenye sherehe. Mikono ikapanda kwenye viboksi vyote. Déborah alikuwa amefungua kamera. Yeye aliinua mikono miwili, na akamtolea Jepchumba ulimi, kama zamani.

"Mimi nakubali wapige," Bwana Kinuthia akadakia. "Ila nina jambo. Mtoto ameomba radhi, vizuri. Sasa mzee naye atuombe radhi. Kutosha ni kutosha! Angeandika *Vua*, au *Ondoa*, nisingesambaza kitu. Ametupotosha sisi na watoto wetu kwa Kiswahili kibovu. Abadilishe jina la albamu."

Nyuma ya Déborah kitu kilikwaruza. Mzee Mirindi alisogea mbele ya kamera, gitaa lake mapajani. Lilikuwa limetoka chini ya kitanda, vumbi la zulia bado shingoni mwake.

"Bwana Kinuthia, habari ya asubuhi," alisema kwa upole. "Kwa wimbo wa tano kuwa murefu, naomba radhi. Kwa ngoma, Térence ataomba, mimi mwenyewe nitamushika sikio. Lakini hilo neno mama yangu alinipa. Alisema 'tosha viatu' kila siku nilipotoka shule, na mama Chepkoech alilisikia, akaelewa, akafika nyumbani salama. Jina linabaki *Tosha*." Alipiga uzi mmoja wa gitaa, ukanguruma hadi Doonside. "Na radhi, hapana. Siombi."