Aliyeitikia Ng'ambo ya Hoarusib

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kuokota kuni. Tulikuwa tumepiga kambi kwenye kona ya mto Hoarusib, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kijiji cha Purros, pale ambapo maji hupita juu ya mchanga bila kufika kifundo cha mguu, halafu yanazama na kupotea. Nilikuwa nimeinama, natikisa tawi la mgunga kabla ya kulishika maana nge hujificha humo, niliposikia Bi Almut ameanza.

"Henning!"

Sikugeuka. Nilishamzoea.

Mimi ni Uaparura. Kazi yangu ni kuongoza wageni. Siku sita: tunatoka Sesfontein, tunashuka na mto Hoanib uliokauka kwenye makundi ya tembo, tunavuka uwanda wa kokoto, tunaingia Hoarusib, halafu mchanga mwekundu wa bonde la Hartmann, mpaka mto Kunene kwenye maji ya kweli na mamba wake. Wageni wengine huja kutazama. Bi Almut, mjane mwenye duka la nyuzi na vitambaa katika mji wa pwani wa Swakopmund, alikuja kuita.

Mumewe, Henning, aliingia bonde hili peke yake kupiga picha za tembo. Gari lake lilikutwa kwenye kona hii, mlango wazi, chai kwenye chupa bado ina uvuguvugu. Yeye hakuonekana. Hata kiatu.

Tangu mwaka uliofuata, kila Agosti, mkewe alinikodi. Njia ileile. Kwenye kona ile, jua likizama, alisimama kando ya maji akaita mara tatu. Akimaliza anafuta mikono kwenye suruali kama mtu aliyetoka kufua, anarudi motoni na kuuliza, "Leo tunakula nini, Uapa?" Hakulia hata siku moja.

Aliyekuwa akinung'unika ni shangazi yangu Kavetuna, mpishi wetu. "Mwambie mgeni wako aache," alisema kila mwaka, akikoroga sufuria. "Analitupa jina hilo porini kama mtu anayetupia mbwa mfupa. Kuna siku kitu kitaliokota."

"Shangazi, mwache. Ndiyo dawa yake."

"Dawa gani ya miaka kumi na mmoja? Hata kikohozi kingepona."

Jioni ile ukungu wa bahari ulipanda mapema. Uliingia bondeni taratibu, ukameza kuta za udongo, ukameza matete ya ng'ambo. Kulinuka mwani.

"Henning!"

Hiyo ya pili.

"Henning!"

Ya tatu. Nikajitwika mzigo wa kuni begani. Nikaanza kuondoka.

"Henning..."

Nikasimama.

Hii ya nne ilitoka ng'ambo.

Nilijiambia ni mwangwi. Lakini pale hakuna mwangwi, udongo ule hunyonya sauti kama blanketi. Na mwangwi hausubiri. Hiki kilikuwa kimesubiri, kikavuta pumzi, ndipo kikaita. Sauti ilikuwa ya Bi Almut mwenyewe, mpaka ule mkwaruzo wake mwishoni.

Yeye alikuwa amesimama kimya, mdomo umefungwa. Akaninyooshea kiganja nisisogee.

Shangazi alikuja mbio, gauni lake refu amelikusanya mikononi. "Almut! Toka hapo!"

Kimya.

Halafu ng'ambo, kwa sauti ya shangazi yangu, ileile, na kuhema kwake:

"Almut! Toka hapo!"

Shangazi alijiziba mdomo. Macho yalimtoka. Alinivuta sikio mpaka kwenye midomo yake. "Usiseme kitu," alinong'ona. "Kinachukua. Kila kinachokisikia kinakichukua."

Nilitua kuni moja moja ili zisilie. Nikamsogelea Bi Almut.

"Bibi," nilinong'ona. "Twende garini. Yule si yeye."

"Najua si yeye." Alinong'ona bila kunitazama. "Unadhani siijui sauti ya mume wangu?"

"Sasa?"

"Kimelitaja jina la Henning, Uapa. Umesikia? Dada zangu hawalitaji tena. Kanisani hawalitaji. Miaka yote hii ni mimi tu ninayelitaja." Akaweka mguu mmoja majini. "Mimi tu."

Matete yalitikisika.

Chwap.

Hatua kwenye mchanga wa maji.

Chwap... chwap...

Sikuona mtu. Niliona ukungu tu. Lakini harufu ilibadilika. Mwani uliondoka, ikaja harufu ya nyumba iliyofungwa siku nyingi: nguo za kabatini, vumbi, mshumaa uliozimwa. Nilimkamata Bi Almut kiunoni. Mwanamke mwembamba, lakini alijivuta kwa nguvu za ng'ombe anayepelekwa joshoni. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo wake wote ili aite.

Mdomo ulikuwa hapa, karibu na shavu langu.

Sauti ikatokea ng'ambo.

"HENNING!"

Nilimbeba. Sijui nilimbebaje. Shangazi alikuwa ameshawasha gari, yeye ambaye hajawahi kushika usukani. Tuliacha mahema. Tuliacha mchuzi wa mbuzi jikoni. Njia nzima hadi Purros Bi Almut alikaa kiti cha nyuma, mdomo unafunguka na kufungika. Nilidhani analia. Nilipowasha taa ya ndani nikaona kuwa hakuwa akilia. Alikuwa anajaribu kusema.

Safari iliishia hapo. Nilimpeleka mwenyewe mpaka Swakopmund, mpaka mlangoni kwake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akaingia ndani na kufunga.

Mwezi Machi nilipata barua yake.

"Uapa. Madaktari watatu wameangalia koo langu. Wanasema ni zima. Dukani naandika kwenye karatasi, wateja wananionea huruma. Nyumbani sina wa kuongea naye, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Nataka kujua kitu kimoja. Je, sauti yangu bado inaita?"

Nilikuwa najua jibu. Mwezi mmoja kabla nilipita pale na wageni wanne Waitaliano, mchana kweupe, sikutaka hata kupunguza mwendo. Gari likakwama kwenye mchanga. Tulichimba magurudumu mpaka jua likaegemea mlima, na ndipo ilipoanza. Mara tatu. Wale wageni walishtuka. "Kuna mama amepotea huko! Twende tukamsaidie!" Mmoja alishaanza kuvua viatu avuke. Niliwaambia ni ndege. Wakanitazama kama mtu asiye na utu. Nilipiga gia na kuondoka na ubao wa kukwamulia bado umelala mchangani.

Barua ile nilikaa nayo wiki nzima. Ningeandika "hapana", Bi Almut angezeeka taratibu dukani kwake kati ya nyuzi. Kila jioni nilikaa nje ya nyumba yangu Sesfontein nikishika kalamu, na kila jioni nilimwona akifunga ule mlango.

Niliandika: "Inaita."

Agosti, Bi Almut akaja.

Shangazi aliponisikia napakia gari alitoka nje na kilemba chake chenye pembe mbili za kitambaa kikiwa upande. "Unampeleka?"

"Ameniomba."

"Akikuomba kisu akajichome utampa?"

Niliendelea kupakia. Alinitukana mimi, akatukana na baba yangu aliye kaburini, kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi lake, akapanda kiti cha nyuma. "Siwezi kukuacha uende peke yako, mpumbavu wewe."

Siku mbili tulisafiri. Tembo wa Hoanib walikuwa wamevunja miti, tukazunguka. Bi Almut, aliyekaa mbele kando yangu, alikuwa amepaka rangi midomo. Alikuwa amevaa gauni, si suruali.

Tulifika kwenye kona saa kumi na mbili kasoro. Sikupiga kambi. Niligeuza gari likatazama njia ya kurudi, nikaliacha linanguruma, nikapandisha vioo vyote, nikabakiza nafasi ya kidole kimoja upande wake. Tulikubaliana hivyo. Asikilize tu, mara tatu, tuondoke.

Ukungu ukaingia.

"Henning!"

Bi Almut alifumba macho. Kisha akaandika kwenye daftari lake na kunionyesha: *Inaita vizuri kuliko mimi.* Alitabasamu. Akaongeza chini yake: *Mimi nilikuwa nimeanza kuchoka.*

"Henning!"

Shangazi alikuwa anaomba kwa midomo, bila sauti.

"Henning!"

Tatu. Nikashika gia.

"Almut?"

Nikaiachia gia.

Sauti ya mwanaume. Ilitoka mbali kidogo, chini ya mto, upande wa baharini. Ilikuwa nzito na ya uchovu, kama ya mtu aliyelala mchana na kuamka bila kujua ni saa ngapi.

"Almut? Niko huku."

Sikuwahi kumsikia Henning maishani mwangu. Sikuwa na njia ya kujua. Kwa hiyo niligeuka nikamtazama mkewe, nisome kwake.

Daftari lilikuwa limeanguka. Uso wake... Nimeongoza watu miaka kumi na saba. Nimewaona wakimwona simba kwa mara ya kwanza, nimewaona wakiiona bahari baada ya siku tano za mawe. Sijaona uso kama ule.

"Mshike," shangazi alinong'ona. "Uapa! Mshike!"

Gari langu ni la zamani, kitasa ni cha kuvuta kwa mkono. Bi Almut alikivuta polepole. Mkono wake mwingine ulikuwa karibu na wangu kuliko kikombe kilivyo karibu na sahani yake. Ningeweza kuushika. Polisi niliwaambia sikuwahi. Wewe nakuambia ukweli.

Sikumshika.

Alishuka. Alivua viatu, akavibeba mkononi kama msichana anayevuka kijito kwenda kanisani. Ukungu ulimfunika miguu, kiuno, mabega. Nilisikia maji. Nilisikia hatua zake, nyepesi. Na kutoka ng'ambo, hatua nyingine. Nzito.

Zikakutana.

Baada ya hapo sikusikia kitu chochote. Hata mto.

Polisi walitafuta siku nne, na wanaume wa Purros wanaoweza kufuata nyayo za chui juu ya mwamba. Waliona nyayo zake ndogo, peku, mpaka katikati ya mto. Waliona alama za buti zikija kumlaki. Zilisimama zikitazamana. Kisha zote mbili zikashuka na mto bega kwa bega, hazina haraka, hatua mia mbili hivi, mpaka mahali penye tope laini ambapo hata mjusi huacha alama. Hapo zikakoma.

Mkubwa wao alisema buti zile ni za mchunga mbuzi, na bibi alizama kwenye tope la kunyonya. Labda. Wachungaji wa kule ninawajua wote, wanavaa kandambili za matairi. Tope lile walilichimba mpaka wakafikia mwamba.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Kona ile ni kimya. Waongozaji wenzangu wamerudi kupiga kambi pale, wanasema ni mahali pazuri, pana kivuli.

Kuna jambo sijalisema. Na mimi nina mtu wangu. Anaitwa Ripuree, alikuwa mke wangu, na ndugu zake walimzika nikiwa huku porini na wageni, hakuna simu. Nilimkuta ni rundo la mawe. Jina lake naliandika tu hapa; sijalitamka tangu siku ile.

Mwezi uliopita tulilala kwenye ile kona. Jua lilipozama nilikuwa nimesimama kando ya maji. Sikumbuki kutoka motoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi, mdomo wazi, herufi ya kwanza iko kwenye ulimi, pale kiganja cha shangazi kinachonuka vitunguu kiliponiziba mdomo kwa nyuma.

Alinishikilia hivyo mpaka giza likaingia.

Ng'ambo, ndani ya matete, kitu kilikuwa kimetulia. Kama mtu anayesubiri umalizie sentensi.